Boksi Jeusi na Maziwa ya Tabitha

Kijiwe chetu kiko Soweto, Moshi, nje ya duka la spea ambalo mwenyewe huamka akipenda. Hapo ndipo pikapu ya Tabitha ilipopata pancha, imejaa madumu ya maziwa ya wafugaji wa Kilema, na jua limeshaanza kuuma. Yakichacha njiani, mnunuzi hayapokei. Kwenye benchi tulikuwa watatu: Ildefonce, tunayemwita Injinia kwa kuwa anamiliki seti ya boksi spana za kufungulia nati, Primus, yaani Kileleni, mpagazi mstaafu wa mlima, na mimi Msafiri, niliyefika Durban nikarudi na kofia.

Nati ya mwisho ikagoma. Injinia akachagua boksi linalong'aa.

— Hili ni kromu na vanadi, mama. Chema chajiuza!

— Mbona tundu lake la mpini dogo hivyo? Tabitha akauliza. Nati za tairi si zinataka la nusu inchi?

— Tundu ni tundu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kileleni akarefusha mpini kwa bomba, akaning'inia juu yake. Paa! Ncha ya mpini ikakatikia ndani ya boksi.

— Chukua lile jeusi la nusu inchi, nikasema.

— Jeusi? Injinia akacheka. Hilo limeungua kiwandani!

— Ni kromu na molibdeni, la mashine ya upepo ya kufungulia nati. Haling'ai, ila likigongwa halipasuki. Nimeyaona Durban.

— Durban uliona kofia, Kileleni akanikata. Hicho ni chuma cha volkano. Kibo yenyewe nyeusi chini ya theluji.

— Wee! Wanayeyusha vifaru vya vita, Injinia akasema. Ndiyo maana linapenda ugomvi.

— Basi nati iombwe msamaha, Kileleni akasema.

Akachuma jani la isale kwenye ua wa jirani, akaliweka juu ya tairi kwa heshima zote.

— Mchagga akiletewa isale, hata awe na panga mkononi, anasamehe.

— Na maziwa yatasamehe? Tabitha akafoka.

Akanyakua boksi jeusi kwenye seti, akachomeka mpini mnene, akaukanyaga. Nati ikalegea. Kileleni akasifu isale, Injinia vifaru, mimi Durban.

Salvina wa Mwika akapita na kikapu cha ndizi.

— Shikamooni. Tairi la spea lina upepo?

Tukatazamana. Tukainama chini ya pikapu: mnyororo wa kushikia tairi la spea unaning'inia mtupu.

Tulipoinuka, Tabitha alikuwa ameshasimamisha bajaji.

— Wataalamu, bebeni madumu.

Tukabeba.