Tarumbeta ya Mwalimu Alfayo Machogu wa Gesima, 1931–1979

Wazee wa kanisa, walimu, wanafunzi wa zamani wa Mwalimu, majirani wa Gesima na nyinyi mliotoka Birongo na Nyaramba, na wote mliosimama kwa sababu viti havikutosha, familia imenituma mimi, Bonareri, mtoto wake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, naomba mnivumilie nikisoma mbiombio, na naomba mtu yeyote asininyamazishe kabla sijafika mwisho, kwa sababu haya aliyataka yeye mwenyewe, na mama anajua.

Mwalimu Alfayo Machogu alizaliwa tarehe 14 Julai 1931 hapa hapa Gesima, mtoto wa pili wa marehemu mzee Ondieki na marehemu Bosibori. Babu yake alikuwa mpigaji wa obokano, lile zeze letu kubwa, hapakuwa na harusi bila yeye, na mzee Ondieki alipojiunga na kanisa akaipasua obokano ikawa kuni, lakini Alfayo alikuwa ameshaisikia. Alisoma shule ya kanisa hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1949, na Januari 1951 akaandikwa jeshini, Nairobi, akawekwa kwenye bendi, huko ndiko alikofundishwa tarumbeta na kusoma noti.

Alitoka jeshini mwaka 1957, tarehe 12 Desemba 1958 akamwoa mama yetu, Gesare, na Mungu akawajalia watoto sita. Mwaka 1959 yeye na rafiki yake Abdikarim Gulled, mpiga gitaa, mtoto wa mwenye duka pale Kisii mjini, walianzisha bendi ya Keera Jazz, na wale waliocheza miaka ile mnajua, hata kama leo mmevaa tai na kutazama chini. Mwaka 1964 alibatizwa, akaahidi mbele ya kanisa kwamba dansi ameacha, na Januari 1965 akaajiriwa kufundisha muziki katika shule ya Harambee ya Nyabisase, iliyokuwa chini ya kanisa.

Alikuwa mwalimu kweli. Aliwalaza wanafunzi chali kwenye nyasi, akawawekea kitabu cha nyimbo tumboni, akisema kitabu kisipopanda hujapumua, na aliyekosea aliambiwa, "Wewe, unapuliza kama unapoza uji!" darasa zima likacheka na yeye akacheka zaidi. Aliyemshinda kila mmoja kwa kusikia haraka alikuwa Nyangate, wa kidato cha tatu, mtoto wa mama Kemuma aliyekuwa akiongoza kwaya ya akina mama, na Mwalimu alikuwa akisema nyumbani kwamba kijana huyu atampita.

Sasa nafika pale.

Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1968, jioni, kesho yake ilikuwa sikukuu ya Kenyatta na bendi ya shule ilikuwa ipige mbele ya D.O., mkuu wa tarafa, wimbo mmoja ulikuwa bado haujakaa, na Mwalimu aliwakusanya wavulana darasani kungoja jua litue, Sabato iishe. Wingu zito lilikuwa limefunika mlima wa Manga wote, giza likaingia, akachungulia dirishani, akasema, "Jua limetua, vijana, twendeni." Wakapiga ule wimbo, ukalala vile vile, na yeye kwa hamu ya kuuamsha akachukua tarumbeta ya Nyangate, akasema, "Sikieni jinsi mguu unavyotakiwa kuitika," akapiga twist, dansi ile ile ya Keera Jazz, mwenyewe, kwa mdomo wake, na wavulana wakaruka. Alikuwa katikati ya wimbo wingu lilipopasuka, na jua likaingia darasani likawamulika miguuni, jua zima, halijatua, na kanisani, upande wa pili wa uwanja, wazee walikuwa bado wanaimba wimbo wa kufunga Sabato, kisha wakanyamaza.

Alisikia viatu vyao kwenye kokoto. Alikuwa ameshaonywa na baraza la kanisa mara moja, alikuwa na nyumba ya shule na watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza, na hayo yote alisema yalimpita kichwani kabla wazee hawajafika mlangoni. Akamrudishia Nyangate tarumbeta, akaingia stoo. Wazee wakaingia, wakauliza nani amepiga uchafu huu Sabato haijaisha, na Nyangate akatazama mlango wa stoo, akanyamaza. Mwalimu akatoka amebeba ngoma, wakamuuliza, "Mwalimu, ulikuwa wapi?" Akasema, "Nilikuwa stoo."

Hayo tu ndiyo aliyosema. Wavulana wengine walimwogopa, hawakufungua mdomo, na Jumatatu Nyangate akafukuzwa shule, akaondolewa kwenye darasa la ubatizo, mtihani ukiwa umebaki mwaka mmoja. Mama Kemuma akaambiwa ashuke kwenye kwaya akatengeneze nyumba yake kwanza. Na sokoni, nyinyi mnakumbuka, maana wengine wenu mlikuwa watoto wakati ule, mlikuwa mkimfuata kijana mkipiga kelele, "Nyangate wa twist, leo jua limetua?"

Mwalimu aliendelea kufundisha. Mwaka 1970 na 1971 kwaya yake ilichukua kikombe pale Kisii, watu wakambeba juu juu, akifika nyumbani anakisukuma kikombe chini ya kitanda, mama akikitoa kukifuta vumbi yeye anamwambia, "Kiache." Tarumbeta hakuishika tena, wanafunzi wakiomba anawaambia sauti zinatosha. Mwaka 1973 alihamia Nyaramba, akafundisha huko mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Mwezi wa Agosti 1977 alikwenda Birongo, ambako Nyangate anatengeneza baiskeli, akamkuta ameinamia gurudumu, akamwomba msamaha pale pale amesimama, na Nyangate hakuinuka. Akasema, "Mwalimu, mbona unaniambia mimi? Mimi najua. Waambie wao."

Akarudi na neno hilo. Sabato moja alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, akafungua mdomo, akaomba tu aombewe kifua, akaketi. Kifua kilikuwa kinauma kweli, lakini si hicho kilichomsimamisha. Julai 1978 moyo ulianza kuvimba, akalazwa Kisii mara mbili, na mara ya mwisho, mimi nikiwa nimekaa kando ya kitanda namnyonyesha mtoto, akaniambia, "Bonareri, mimi nimekuwa mwoga, usiwe kama mimi. Siku ya kunizika watakuwa wote, na hakuna atakayeondoka kabla ya kuomba. Uwasomee haya yote niliyokueleza." Nikamwambia, kama tunavyomwita baba kwetu, "Tata, watakataa kukuombea." Akasema, "Basi wakatae, lakini wawe wamesikia." Alifariki Jumanne tarehe 6 Machi 1979, saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hivyo wazee, nawaambia mbele ya jeneza lake. Aliyepiga dansi Sabato ile ni Alfayo Machogu, mwalimu wenu mliyembeba juu, na Nyangate hakuwa na kosa lolote, alinyamaza kwa heshima, na sisi watoto wake tulikaa katika nyumba ya shule na kusomeshwa na mshahara ule, mimi nikafika kidato cha nne, kijana yule akaishia cha tatu. Mama Kemuma, nakuona pale nyuma karibu na migomba, umekataa kiti, mtoto wako hakukukosea, wala hakukosea kanisa. Kama baraza linaweza kuandika jina la mtu kumtoa, tunaomba Sabato ijayo liandike kumrudisha, na isemwe kwa sauti, kama ilivyosemwa kumtoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisii waliomhangaikia, majirani waliochota maji na kuleta kuni tangu Jumanne, walimu wenzake wa Nyaramba, na bwana Abdikarim aliyekuja na watu wake kutoka mjini na kulala hapa nasi. Inamshukuru pia Nyangate, ambaye jana alifika na jembe lake, akachimba kaburi na vijana wengine, akanawa, akaenda zake, na leo hayupo, na hatuwezi kumlaumu.

Tata, nimesoma yote. Pumzika kwa amani, ikiwa mama Kemuma atakubali.