Fundi Aliyefagia Misumari

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Munyoki, fundi wa baiskeli wa mtaa wa Kaloleni. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Aligongwa na basi, hatua arobaini kutoka kibandani pake. Shikeni hiyo: hatua arobaini.

Ndiye aliyewazibia pancha vijana wa mitaa ya Huruma na Tassia wanaoendesha baiskeli hadi viwandani. Matone mawili ya mvua yakianguka, nauli ya matatu hupanda. Wao walipita zao wakipiga kengele, na pesa ya unga ikabaki mfukoni. Munyoki alilifurahia hilo. Tena bintiye, Whitney, ana pumu, na moshi wa magari, ambao baiskeli hazina, humnyima usingizi.

Kwa hiyo ilipochorwa njia ya baiskeli mbele ya kibanda, mzee alivaa shati la kanisani. Siku ya kazi. "Nilidhani anaenda harusi," mkewe Mukami aliniambia.

Tangu hapo, kila asubuhi aliifagia njia hiyo. Vipande vya chupa, misumari, vyote. Fundi wa pancha anafagia misumari! Nasima, jirani yake anayeuza mahamri, alimtania: "Mzee, unafagia riziki yako mwenyewe."

"Wakifika salama, watarudi," alijibu.

Haukupita mwezi, magari yakafanya njia ile kuwa maegesho. Munyoki hakumtusi mtu. Aligonga dirisha kwa kidole: "Bosi, hapa ni pa baiskeli. Nisaidie, songa kidogo." Jibu lilikuwa lile lile kila siku: "Dakika mbili tu, mzae."

Jumanne ile, saa nne asubuhi, magari manne yalikuwa yamejipanga juu ya njia. Munyoki alikuwa anaijaribu baiskeli ya mteja. Hakuwa na pa kupita, akaingia barabarani. Hatua arobaini tu, na basi likamkuta. Polisi walipofika, magari yote manne yalikuwa yameshaondoka. Dakika mbili zao zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyeulizwa lolote, na hilo linanikera hadi leo.

Alhamisi tulikutana kwa matanga katika ukumbi wa Kaloleni, kando ya barabara ile ile. Tulikuja wengi, wengine kwa magari, na tukaegesha palipokuwa wazi. Juu ya njia ya baiskeli. Whitney akatoka ukumbini na ufagio wa babake. Akagonga dirisha la gari la kwanza.

"Naomba usonge," alisema. "Nataka kufagia."

Mwenye gari alikuwa kwenye simu. Hakumtazama hata usoni. "Dakika mbili tu, siz," akajibu.

Wasikilizaji wapendwa, mwenye gari hilo ni mimi.

Mukami, Whitney, poleni sana. Mungu amlaze Munyoki mahali pema. Nilisogeza gari nilipouona ule ufagio, lakini neno lilikuwa limeshanitoka. Nawe unayenisikiliza ukiwa ndani ya gari lililosimama, fungua mlango, utazame umeegesha juu ya nini. Usingoje mtoto wa marehemu aje akugongee dirisha.