Nilichompaka Mimi ni Liwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Na kama kuna anayetwanga hapo uani, mwambieni aupumzishe mchi kidogo. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka Bibi Mashavu binti Mrisho, wa Kibiti. Amefariki Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake. Umri wake ni miaka themanini na ushei. Hakuwa jumbe, hakuwa mganga. Alikuwa mkulima wa mpunga, mwenye uso uliotunzwa. Msicheke, maana uso huo ndio kisa chenyewe. Uso huo ulimtoa mtu kwenye kitanzi, mwaka wa vita vya Maji Maji.

Kwanza mjue alivyokuwa akijitengeneza. Kila siku ya Mungu Bibi Mashavu aliamka, akaswali, akateleka uji. Uji ukiwa jikoni, yeye alikaa juu ya kibao cha mbuzi, akaanza. Meno kwa mswaki na mkaa uliosagwa. Uso kwa maji baridi. Halafu msio, lile jiwe bapa la kusugulia liwa. Alidondoshea maji, akasugua kijiti chake cha liwa, ule mti wa manukato, mpaka likatoka rojo laini, rangi ya mchanga mkavu, harufu yake nzuri. Akapaka kwenye kipaji cha uso, puani, na kwenye hayo mashavu aliyoitiwa jina. Wanja, mara moja kila jicho. Mafuta ya nazi kidogo kwenye nywele. Siku ya Ijumaa, tone la marashi ya waridi. Basi. Uji ukichemka, amekwisha.

"Uji haukuwahi kumfurikia," anasema mjukuu wake, Mwantum, aliyeishi naye miaka yote hii. "Isipokuwa mara moja tu. Na hiyo mara moja aliihadithia mpaka anaingia kaburini."

Hiyo mara moja, wasikilizaji wapendwa, ndiyo tunayoifuata.

Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa na tano. Mashavu alikuwa binti wa miaka kumi na minane, ameolewa mwaka mmoja tu na kijana aitwaye Kibwana. Walikaa kando ya mto, upande wa kaskazini wa Ndundu. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba ya Mdachi. Na kutoka upande wa Ngarambe likaja neno, likipita sikio kwa sikio: kuna maji ya dawa. Ukipakwa, risasi inageuka maji. Wengine wakasema maji hayo yamechanganywa na mafuta ya nyonyo. Kila mtu alisema lake, lakini hilo la nyonyo liliwafikia askari. Basi pale kivukoni wakawa wanawatazama wanaume vipaji vya nyuso, na wanawanusa. Aliyenuka nyonyo hakurudi kwao.

Siku hizo hakuna aliyemwamini mwenziwe. Ukinunua chumvi nyingi, unaulizwa unamlisha nani. Ukisalimiana na mpita njia, unaulizwa mlijuana wapi. Mashavu naye hakusalimika. Wifi yake, Sikudhani, alimkuta asubuhi moja kwenye msio wake.

"Wifi, unajipamba hivyo kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya pamba?"

"Kwa ajili ya ngozi yangu, wifi."

"Ngozi yako inatazamwa na askari wanaopita. Mie macho yangu yanaona."

"Basi yaoshe, yana tongo," akajibu Mashavu, akaendelea kusugua.

Lakini Mashavu mwenyewe alikuwa na mashaka yake. Mashaka kwa mumewe. Kibwana alitoweka siku tatu. Alisema anakwenda deltani kutafuta chumvi. Akarudi mikono mitupu.

"Chumvi iko wapi?"

"Ililowa."

"Na kapu?"

Kibwana akaingia ndani kulala.

Asubuhi yake ndipo uji ulipofurika. Mashavu alikuwa amekwisha kupaka mashavu yake, anataka kuosha msio, mumewe akachutama mbele yake. Kibwana huyu, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyekuwa akiiita liwa ya mkewe "matope". Ndiye aliyesema hajapata kuona mtu anayejichafua ili apendeze. Asubuhi hiyo akasema:

"Nipake na mimi."

"Weye?"

"Kichwa kinaniuma. Si unasema liwa inapoza?"

"Kimeanza lini kuuma?"

"Nipake, Mashavu."

Akampaka. Alitaka kipaji chote, toka sikio hata sikio, na juu mpaka kwenye nywele. Alitaka nzito. Uji ukamwagikia moto, moshi ukajaa jikoni, na Mashavu hakugeuka. Alikuwa akimtazama mumewe machoni, na mumewe akitazama moto.

Adhuhuri Kibwana akaenda kivukoni na wanaume wenziwe wawili. Askari wakawasimamisha.

"We, nini hicho usoni?"

Sasa fikirini. Ni kijana. Ameoa juzi. Pembeni yake wamesimama marafiki zake, watu ambao wangelisikia neno wangelicheka nalo mpaka wazeeke. Aseme amepakwa liwa na mkewe, kama mwari? Kibwana akaona haya. Akajibu neno moja.

"Dawa."

Neno moja tu. Alikuwa na maana ya dawa ya kichwa, alikuja kusema hivyo baadaye. Lakini mwaka ule, mahali pale, dawa ilikuwa moja. Wakamfunga kamba, wakamvusha mpaka kambini kwao ng'ambo. Wale wawili wakarudi mbio na habari. Kesho kabla ya adhuhuri, Kibwana ananyongwa.

Sikudhani alilia, kisha akamgeukia wifi yake.

"Umemuua kaka yangu kwa matope yako! Au ulimpaka makusudi, tuambie?"

Kulipokucha Mashavu aliswali, akajitengeneza kama kawaida, hata wanja akatia. Watu walimwona wakasema huyu ameingiwa na wazimu, au anakwenda kuolewa na askari. Akachukua kikapu. Akatia msio, akatia kijiti cha liwa, akatia kichupa cha marashi.

"Na hicho kichupa?" Sikudhani akamshika mkono. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wifi, kiache. Wakikukuta na maji kwenye kichupa, mtanyongwa kamba moja."

"Hawa watu wanakwenda kwa pua," akasema Mashavu. "Nami nakwenda na kitu cha pua."

Akavuka.

Kambini alipokewa na ombasha mmoja, askari wa cheo kidogo, mwenye kiboko mkononi. Mdachi wao alikaa kivulini, anaandika. Kibwana alikuwa amefungwa kwenye mti, liwa imekauka usoni mwake, imepasukapasuka kama udongo wa kiangazi.

"Mume wangu hakupaka dawa ya vita," akasema Mashavu. "Ile ni liwa. Mwanamke yeyote anaijua."

"Na kichupani?"

"Marashi."

"Maji!"

"Marashi, bwana. Nusa."

Ombasha hakunusa. Akacheka. "Nina njia fupi. Nikupake wewe hiyo liwa yako, kisha nikupige risasi. Ikigeuka maji, wewe mwongo. Isipogeuka, umesema kweli."

Askari wakacheka. Mashavu akapandisha sauti juu ya kicheko chao.

"Bwana, kama ningekuwa na dawa ya risasi, ningepaka mashavu nikaacha kifua wazi? Unaye mke? Mpake yeye, umnuse. Risasi yako itabaki."

Mke alikuwako. Jina lake Biasha, mwanamke wa pwani, amefuatana na mumewe vitani miezi na miezi. Alikuwa amesimama nyuma ya kibanda tangu ule msio ulipotolewa kapuni. Akaja mwenyewe.

"Liwa ya wapi hiyo?"

"Ya Kilwa, bibi. Mama alinipa siku ya harusi."

Biasha akakichukua kijiti, akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Hakukitoa haraka puani. Kisha akakunja uso. "Anza kujipaka wewe. Nani ajue mmetia nini humu?"

Mashavu akasugua liwa mbele ya kambi nzima. Akajipaka juu ya ile aliyokwisha kujipaka. Biasha akangoja. Alipoona mwenziwe hakuanguka, akakaa kitako, akatoa uso wake. Mashavu akampaka kipaji, pua, mashavu, kwa haraka ile ile ya kila siku. Mwantum anasema bibi yake alikuwa akimweleza: "Yule mwanamke alifumba macho. Nikajua ana miezi hajaguswa uso na mtu."

Mdachi akainua kichwa. Akasema, "Ombasha, nusa wote wawili, mkeo na mfungwa."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penyewe. Mashavu akamwahi ombasha. Akasema, "Bwana, ile ya mume wangu ya jana, imekufa harufu. Niilowanishe kwanza, ili unuse haki." Ombasha akamruhusu. Mashavu akamkaribia Kibwana. Karibu kabisa. Na pua yake ikakutana na kitu.

Si liwa. Si jasho. Harufu nzito, kama ya taa iliyozimwa sasa hivi.

Taa zilikuwako. Mbili, zimetundikwa kibandani, na taa za siku zile ziliwaka kwa mafuta ya nyonyo. Labda zilikuwa taa. Labda hazikuwa taa. Mashavu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama chini, kama alivyotazama moto.

Mashavu akafungua kichupa. Akamimina marashi kwenye liwa, si tone la Ijumaa, nusu kichupa. Akampaka upya, toka sikio hata sikio, na juu mpaka kwenye nywele.

Ombasha akamnusa mkewe. Akamnusa Kibwana. Akarudi kwa mkewe.

"Sawasawa," akasema, ameudhika.

"Umenifananisha na mwanamume mwenye ndevu," akasema Biasha. "Leo utajipikia."

Kambi ikacheka, na kitanzi kikalegea kwa kicheko hicho. Lakini ombasha hakuwa mjinga. Akamnyooshea Mashavu kiboko.

"Uapie."

Mashavu akavuta pumzi. Akasema, na maneno haya kila mtu wa nyumba yake anayajua kwa moyo:

"Wallahi, nilichompaka mimi ni liwa."

Wakamfungua. Kibwana alichapwa viboko kumi na tano kwa kujibu vibaya. Biasha alibaki na kijiti cha liwa na kichupa. "Hivi vinakaa hapa," alisema, na nani wa kumbishia? Mashavu akaondoka na mume na jiwe.

Walipofika mtoni, Kibwana akasema, "Nisubiri ninawe." Akashuka. Mgongo unavuja damu, lakini hakuushughulikia mgongo. Aliosha uso. Akateka maji, akaosha. Kisha akachota mchanga, akausugua kwenye kipaji cha uso, akasugua, akasugua, mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Mashavu alisimama juu ya ukingo na kikapu chake. Alikuwa akiosha liwa tangu utotoni. Na liwa, wasikilizaji wapendwa, hutoka kwa maji matupu. Hakuna anayeisugua kwa mchanga.

Hakumuuliza. Siku hiyo hakumuuliza, na miaka thelathini waliyokaa pamoja hakumuuliza. Kibwana hakwenda vitani. Ndugu wengi walikwenda, wengi hawakurudi, na baada ya vita ikaja njaa iliyowamaliza waliobaki. Yeye alilima, akazaa, akafa kitandani. Lakini kila asubuhi, kabla ya kumruhusu aondoke nyumbani, Mashavu alimwinamia, akamnusa kipaji cha uso. Watoto walidhani ni mapenzi. Huenda yalikuwa mapenzi.

Baada ya Uhuru wakaja vijana wenye madaftari, wanaandika majina ya wazee waliokuwa katika Maji Maji. Mwantum alikuwapo. Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Bibi, babu Kibwana alipakwa dawa?" Mwantum alitamani aitikie. Lingekuwa jambo la fahari, jina la babu kwenye daftari. Bibi akaendelea kusugua msio wake.

"Nilichompaka mimi ni liwa."

"Ndiyo, bibi. Lakini mwingine je, alimpaka?"

"Mie niliulizwa mara moja, mwanangu, nikaapa. Si weye wa kwanza kuniuliza."

Kijana akafunga daftari. Jina la Kibwana halimo.

Alhamisi ya wiki iliyopita, Mwantum alimpaka bibi yake liwa, maana mikono ilikuwa haina nguvu tena. Alipomaliza akachukua kitambaa kumfuta. Bibi akamshika kiganja. "Kwa maji tu," akamwambia. "Ukiona mtu anatumia mchanga, mwache. Geuka utazame kwingine." Ndipo akamhadithia habari ya mtoni, ambayo alikuwa hajamhadithia mtu. Akampa ruhusa aiseme, akisha kufa yeye. Alikufa kesho yake, uji uko jikoni.

Kwa mwanawe, Mzee Nassibu, kwa Mwantum, kwa wajukuu na vitukuu walioko Kibiti, Utete na Nyamwage, tunawapa pole kwa msiba huu. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Msio wake unabaki kwa Mwantum. Umelika katikati, umekuwa kama kiganja.

Nanyi mnaonisikiliza, kesho asubuhi mkinawa uso, mtazameni huyo mliye naye nyumbani. Mnamjua kiasi gani? Na lile msilolijua, mngeweza kusimama mbele ya kamba, mkachagua maneno yenu vizuri, mkaapa?

Haya. Mwenye kutwanga, atwange sasa.