Kornelia Akonaay na Dawa Iliyoganda Chini ya Chupa

Waombolezaji wapendwa, familia inaomba usikivu wenu.

Marehemu Kornelia Akonaay alizaliwa Nambis, Mbulu, tarehe 14 Machi 1938, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1953, kisha akajifunza kazi ya kuchanganya dawa. Tarehe 9 Januari 1960 alifunga ndoa na Bwana Tadeo Sulle, wakajaliwa Genoveva na Theodory, na tarehe 1 Februari 1972 akaajiriwa katika zahanati ya shamba la ngano la Serikali, karibu na Nangwa.

Julai 1979, baridi ikiwa kali, dawa ya maji ya kifafa aliyoichanganya iliganda chembechembe chini ya chupa, naye akaipasha katika sufuria ya maji ya moto hadi ikatakata, akamkabidhi mama wa Bura, mtoto wa miaka mitano mwenye kifafa. Nyumbani kwao baridi ilizirudisha chembe zile, kijiko cha mwisho kikabeba dawa nyingi kupita kiasi, mtoto akalegea, akashindwa kusimama, akalazwa. Bura alipona, lakini mama yake akakataa kupokea tena chupa kutoka mkono wa marehemu.

Marehemu alimwendea mfamasia wa hospitali, aliyemweleza kwamba gundi ya mgunga, yaani utomvu wa mti huo, ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ambazo hung'ang'ania uso wa chembe changa na kuizuia isikue. Wakajaribu pamoja, gundi kidogo haikusaidia, nyingi ikafanya dawa igome kutoka chupani, hadi wakapata kipimo cha kati. Halfani wa stoo akamtania, "Mama Gundi, utatugandisha matumbo," naye akajibu, "Kaka Halfani, tikisa chupa, mdomo uupumzishe."

Julai 1980 aliweka chupa mpya ya dawa yenye gundi dirishani kwa Mama Bura, na baada ya juma moja la baridi wakaiinua pamoja kwenye mwanga, hawakuona chembe, na Mama Bura akaipokea.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1993, akaanza kuugua moyo Machi mwaka huu, akafariki Jumanne, tarehe 3 Agosti 1999.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nangwa, wafanyakazi wenzake wa shambani, na kijana wetu Bura, ambaye hajaanguka kifafa tangu mwaka 1986, na ambaye tangu asubuhi ameongoza wenzake kuchimba kaburi hili.

Mama Kornelia, chupa ilipokelewa. Pumzika sasa kwa amani.