Anselmi Shija, Aliyeufuata Mto Mchangani

Marehemu Anselmi Maganga Shija alizaliwa tarehe 14 Juni 1968, kijijini nje kidogo ya Maswa, mtoto wa tatu wa mzee Maganga Shija na mama Stellamaris. Mimi Herman ni kaka yake mkubwa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Hakuendelea, ng'ombe walikuwa wanamngoja. Kila kiangazi alichimba kisima kwenye mchanga wa mto, kama alivyofundishwa na baba, na mifugo haikulala na kiu.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Asteria Nathan. Mto wa kwetu ulipokauka hata chini ya mchanga, tulihama pamoja, tukafika hapa Mzenga Septemba 2006. Kuona mto una maji Septemba, marehemu aliingia na viatu vyake akakaa kitako. Mzee Hamidu, Mzaramo wa hapa, alikuwa anapita.

"Msukuma, kwenu hamna bafu?"

"Mtani, pita zako. Naoa mto huu."

Utani wao ulianzia hapo. Jioni ile alimwahidi mkewe kwamba hawatahama tena.

Alifuga, akalima mihogo, na mpunga bondeni. Kisha mvua zikabadilika. Vuli zilichelewa, halafu zikaacha kuja. Masika ikawa ya wiki moja, inabomoa kingo na kuondoka. Wataalamu walikuja na gari wakatueleza kuwa dunia imepata joto. Tulikubali, maana tulikuwa tunalisikia. Wakaondoka, mto wakauacha vilevile.

Oktoba 2025 mto ulikatika kabisa. Asteria alimwambia, "Baba Wema, tuuze ng'ombe twende Kibaha kwa mtoto."

"Nilikuahidi, mama. Maji yapo chini, tutayafuata."

Akachimba kwenye mchanga wa mto, kama kule kwa baba. Mzee Hamidu alisimama ukingoni akamwambia, "Mtani, toka humo. Mchanga wa huku haushiki, utakuzika."

Marehemu alicheka. "Unataka nife ule nyama ya msiba."

Miaka kumi na tisa walikuwa wakiombeana kifo kila wakikutana. Angejuaje kwamba siku ile mwenzake hatanii?

Tarehe 17 Novemba shimo lilimwangukia. Mzee Hamidu ndiye aliyemfukua, kwa mikono. Marehemu alilazwa hospitali Kibaha, mbavu na mapafu vimeumia, akafariki alfajiri ya tarehe 20.

Gari la maji ambalo kijiji kiliomba tangu Agosti lilifika jana, kwa ajili ya msiba. Tunawashukuru waliolituma. Watu wameoga, ng'ombe wamekunywa. Mzee Hamidu, ambaye kwa desturi ya watani msibani angetutania leo tucheke, ameomba asamehewe kazi hiyo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na ng'ombe kumi na mmoja ambao mjane atawauza kabla ya kuhamia Kibaha.

Mdogo wangu apumzike kwa amani. Yeye ahadi yake ameitimiza, amebaki Mzenga.