Nilimkataza Kuchafuka

Wazazi wenzangu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine hamjambo. Nimeombwa niseme, ila macho nitayaweka chini, mnisamehe.

Mwanangu mnamjua, yule wa kiti cha magurudumu. Ni mtu mzima, ndevu namnyoa mimi. Hasemi, hatembei, kula analishwa. Alipopokelewa hapa kituoni Buhongwa awe anashinda na wenzake, nilijiapia hakuna atakayesema mama yake kamchoka. Kila asubuhi shati jeupe, limepigwa pasi, kola imesimama. Mnatujua sisi Wahaya kwa kujisikia, wala sikatai. Akirudi na doa, kesho yake nakuja kufoka. Dada mmoja mhudumu wa hapa nilimsema mbele za watu kwa sababu ya tone la rangi, akalia. Nikaondoka najiona mama wa kweli.

Basi, nikapata msiba Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Nikaja kumchukua mapema ili niwahi kivuko. Nikakuta wenzake wamezunguka beseni, wanakanda unga wa maandazi. Kuna aliyeshikwa mkono, kuna aliyekuwa ananusa tu, wote unga hadi puani. Mwanangu yuko peke yake ukutani, msafi kama bwana harusi, mkono kaunyoosha kuelekea beseni.

Nikauliza kwa ukali, "Mbona mmemtenga mwanangu?"

Dada yule yule akajibu taratibu, "Samahani mama, ulisema asichafuke. Kila siku huwa anaunyoosha hivyo mkono. Sisi tunaogopa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe aliyemtenga ni mimi. Lile shati lilikuwa la kunisitiri mimi, watu wanione mama wa kweli.

Nikamsukuma mwenyewe hadi kwenye beseni. Hakukanda. Alizamisha vidole tu, akatulia, kisha akacheka kwa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia baba yake akiwa hai. Kivuko kikaniacha, na ndugu wa Kamanga wameninunia hadi leo.

Yule dada nilimwomba radhi, na leo narudia mbele yenu. Asante dada, wewe na wahudumu wenzako, kwa kumvumilia yeye, na zaidi kwa kunivumilia mimi. Siku hizi anarudi na unga, na rangi, hata tope. Nafurahi, lakini aibu haijaisha, maana muda wote aliokaa pale ukutani siwezi kumrudishia.

Kwa hiyo wenzangu, mtoto akirudi jioni, msianze kukagua kola. Ulizeni leo kashika nini. Mimi sikuwahi kuuliza.