Marehemu Attracta Geraghty na Barua Ambayo Hakuifikisha

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika, marehemu mwenyewe aliagiza wasifu huu usomwe bila kufichwa kitu. Alimwambia dada yake Concepta, ambaye ndiye anayewasomea: "Ukinifanya malaika mbele ya watu, nitaamka nikukatize." Basi tuvumiliane.

Attracta alizaliwa tarehe 11 Agosti 1960 karibu na mji wa Boyle, kaunti ya Roscommon, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Attracta, ndiyo maana akapewa jina hilo. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Malachy Conboy na mama Bríd. Tangu utotoni alikuwa mwoga. Aliogopa jogoo, aliogopa radi, aliogopa padri. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwao kicheko hakikukosekana.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini, kisha sekondari ya masista mjini Boyle, akamaliza mwaka 1978. Mwaka 1981 aliajiriwa na posta, akapeleka barua kwa miaka arobaini na mmoja, kwanza kwa baiskeli na baadaye kwa gari. Mbwa wote wa njia ile walimjua, na wote aliwaogopa. Hata hivyo hakuna barua iliyolala mkononi mwake, isipokuwa moja, na hiyo tutaifikia.

Tarehe 2 Juni 1984 alifunga ndoa na Fintan Geraghty, mfugaji wa kondoo, mtu wa maneno machache. Mimba nne zilitoka. Mwaka 2005 walikwenda Addis Ababa wakarudi na watoto wawili kutoka Wolayta, kusini mwa Ethiopia: Wubit, wa miaka mitano, na Tamirat, wa miaka miwili. Karatasi zilisema wazazi wote wawili wamefariki. Lakini ndani ya gari la kwenda uwanja wa ndege, Wubit alisema jambo, na dereva akalitafsiri: "Anasema mama yake yuko sokoni." Attracta alijiambia kuwa mtoto hajui kifo ni nini. Tangu siku hiyo hofu haikumtoka.

Aliwalea kama yai. Aliwaachia jina la baba yao, Lema, ingawa karani alimshangaa. Alikwenda mji wa Sligo kila Jumamosi kwa Zenebech, muuguzi wa Kiethiopia, kujifunza kusuka nywele, kukaanga kahawa na kupika injera, ule mkate wao mwembamba wa unga uliochacha. Injera za kwanza zilishika kwenye chuma, zikatoka vipande vipande. Fintan alikula zote kwa kabichi na nyama ya nguruwe, akasema, "Mke wangu, nimewahi kula kibaya zaidi. Kwa mama yako." Mwaka mpya wa Ethiopia, kila Septemba, nyumba ilijaa nyasi mbichi sakafuni na moshi wa kahawa, na watoto wa jirani wakaja kugombania mkate.

Watu walimsifu kwa kuheshimu asili ya watoto. Ni kweli aliiheshimu, na pia ni kweli kwamba aliogopa. Alijaza nyumba mambo ya Ethiopia ili watoto wasipate nafasi ya kuuliza habari za sokoni.

Mwezi Machi 2009, akichambua barua za asubuhi, alikuta bahasha yenye stempu ya Ethiopia iliyoandikwa: Wubit na Tamirat Lema. Anwani ilitoka kwenye ripoti za watoto ambazo yeye mwenyewe alizituma Ethiopia kila mwaka. Hakuifungua, hakuichoma. Aliificha ndani ya kopo la kahawa mbichi, chini kabisa, na kwa miaka saba alilijaza tena kopo kabla bahasha haijaonekana. Fintan alifariki mwaka 2014 bila kujua.

Septemba 2016 Wubit aliamka mapema amkaangie mama yake kahawa ya mwaka mpya. Safari hii kahawa koponi ilikuwa karibu kwisha, na bahasha ikaonekana.

"Mama, hii nini?"

"Barua."

"Barua naiona. Ya mwaka 2009! Wewe, unayepelekea watu hadi bili zao kwenye theluji?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba mtaondoka."

Siku ya kumi Wubit alimwambia, "Washa gari, twende kwa Zenebech." Zenebech aliwasomea wote watatu, Tamirat akiwemo, mezani kwake. Desta, mama yao, alikuwa hai. Aliambiwa watoto watarudi wakimaliza shule, akatia kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Barua aliandikiwa na karani wa sokoni: "Wanangu, nipo palepale, nauza siagi. Nimwone mama anayewalea."

Hilo la mwisho ndilo lililomtia Attracta hofu kuu. Amwone ili amfanye nini? Januari 2017 alikwenda nao akiwa na hakika ataitwa mwizi na atarudi Boyle peke yake. Alimwachia Concepta funguo na wosia. Uani kwa Desta watoto walikumbatiwa, kilio kikapanda, naye akasimama kando ya lango. Kisha Desta akamjia, mkono mmoja juu, umekunjwa ngumi. Attracta alifumba macho, akijua anapigwa, akaona amestahili.

Kitu baridi kilitua utosini. Ilikuwa siagi. Kule hupakwa kichwani mwanamke aliyetoka kujifungua. Desta alimpaka mpaka ikamtiririka masikioni, na wanawake wakapiga vigelegele. Attracta alikataa kuoga safari nzima.

"Dada, unanuka maziwa yaliyochacha," Concepta alimwambia alipowapokea wote watatu uwanja wa ndege.

"Nyamaza," akajibu. "Nimejifungua."

Alianza kuugua Juni 2024, saratani ya kongosho. Hatutasema alikabili kifo kwa ujasiri. Aliogopa sana, na alisema hivyo kwa kila aliyemtembelea. Wiki ya mwisho alimwomba Wubit ampigie Desta simu. "Mwambie naogopa kuwaacha watoto." Wubit, aliyekwisha kujifunza upya lugha ya mama yake, alisikiliza, akafuta uso, akatafsiri: "Anasema watoto hawabaki bila mama. Umemshikia zamu miaka ishirini. Sasa lala, yeye yuko macho." Mwanamke ambaye Attracta alimwogopa miaka yote ndiye aliyemtuliza. Attracta alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha binti, Wubit Lema, anayesomea ukunga, mwana, Tamirat Lema, fundi wa matrekta, dada, Concepta, na mama mwenzake, Desta, wa Wolayta. Barua ile imo ndani ya jeneza, juu ya kifua chake. Na mliokaribia mkasikia harufu, msishangae: asubuhi ya leo, kabla kifuniko hakijafungwa, Wubit alimpaka siagi utosini. Siagi ni ya Roscommon, mkono umetumwa na Desta.

Leo kilio kimefika kwa mwoga wetu. Attracta, barua imefika. Pumzika kwa amani, wala usiogope tena.